Saa moja ni ya ukuta mzima, si ya bodi

Wengi huamini kwamba wakishanunua bodi ya jipsamu "ya saa moja", yaani ya kuzuia moto kwa muda huo, suala la moto limekwisha. Bodi peke yake haina saa. Kinachoingizwa kwenye tanuru la majaribio ni ukuta au dari nzima: fremu na nafasi kati ya nguzo zake, unene na idadi ya bodi, aina ya skrubu na umbali kati yake, hata namna maungio yalivyozibwa.

Kwa kipimo cha Marekani, ASTM E119, tanuru hufika takriban nyuzi 927 za Selsiasi saa moja inapotimia. Ukuta hushindwa moto ukipenya, au joto la upande wa pili likipanda kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 139.

Jipsamu yenyewe tusiidhulumu. Karibu asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na moto hulazimika kuyageuza mvuke kwanza. Yakiisha, bodi hunywea na kupasuka, ndiyo maana bodi ya aina X, ile ya kuhimili moto zaidi, huongezwa nyuzi za kioo za kuishikilia. Bodi moja ya aina hiyo, milimita 15.9, kila upande wa nguzo za mbao hufikisha saa moja, mradi ifungwe kama mfano uliopimwa.

Dari ndiyo huponza watu. Saa zake kwa kawaida huhesabiwa pamoja na sakafu au paa lililo juu yake, hivyo bodi zilezile chini ya maboriti tofauti hazibebi hesabu ileile. Tundu la taa lisilozibwa ipasavyo nalo hutosha kuiharibu.