Vinasaba havikusema hivyo

Juzi, baada ya mhadhara, kijana mmoja alinisogezea simu yake. "Mwalimu, ubishi umekwisha. Vinasaba vimethibitisha Waswahili ni Waajemi." Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na kila mara yananiuma.

Utafiti wenyewe ulitoka Machi 2023 katika jarida la Nature: mabaki ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili ni ya Kiafrika, nayo imepitia hasa kwa akina mama. Sehemu ya Asia ni ya Uajemi zaidi, na imeingia kupitia wanaume. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Watu wameng'ang'ania kromosomu Y, kipande cha vinasaba ambacho baba humrithisha mwanawe wa kiume. Basi tushike kalamu. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8. Ukifika kizazi cha kumi, nafasi ni 1,024. Kromosomu Y inafuata nafasi moja tu, baba wa baba wa baba, kama nisba, jina la ukoo, inavyofanya. Zile 1,023 je? Humo wamo mabibi waliotuachia lugha hii ya Kibantu, ndugu ya Kipokomo na Kimijikenda. Mwanaisimu analiona hilo bila kugusa mfupa.

Tena kuna suala la mwaka. Mchanganyiko wa Waafrika na Waasia unakadiriwa kuanza mnamo mwaka 1000. Lakini huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti ya miti, ya kale zaidi ikiwa ya karne ya 8. Mji ulikuwapo kabla ya mchanganyiko huo, na Waislamu wake. Nami, nikisema kweli, ule mwaka 1000 siuegemei sana: hesabu yake ni idadi ya vizazi mara miaka ya kizazi, na watu wakioana kwa karne mbili mfululizo, hesabu inakupa tarehe moja iliyo katikati.

Kinachonikera kuliko yote ni sampuli. Mengi ya makaburi yale yako karibu na misikiti, ya watu wenye uwezo. Aliyeishi nyumba ya fito na udongo hakujengewa kaburi la mawe la kumwonyesha mchimbaji pa kuanzia. Nilimwomba yule kijana anitafutie watu hao katika ile habari yake. Alishusha kidole kwenye kioo mpaka mwisho wa ukurasa, akarudi juu, akaanza kusoma upya.