Je, dawa ya saratani isiyotapisha haifanyi kazi?

Wapo wanaoamini kwamba mgonjwa wa saratani anayetapika sana na kunyonyoka nywele ndiye ambaye dawa imemwingia, na kwamba akizuia matapishi huzuia maradhi yasitoke. Imani hii inaeleweka, kwani dawa tulizolelewa nazo, shubiri kwa mfano, tulizipima kwa ukali wake.

Tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hufanya kazi kwa namna nyengine. Hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa kuwa mizizi ya nywele, utando wa mdomo na wa utumbo, na uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu pia vina seli za aina hiyo, navyo huathirika. Kutapika, basi, ni maudhi ya dawa, si kipimo chake. Maendeleo hupimwa kwa picha, kwa damu na kwa uchunguzi wa daktari. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu hutolewa makusudi, na inaniuma kumfikiria mama anayevificha chini ya mto, beseni likiwa pembeni mwa kitanda, akipoteza maji na nguvu anazozihitaji kwa dozi ifuatayo.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi haisubiri asubuhi, kwa sababu chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, huenda zimepungua. Aende hospitali papo hapo.

Anayetaka kuhakikisha aombe kusomewa karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, kisha amuulize muuguzi ni kipimo gani kitaonesha kuwa uvimbe unapungua. Miti shamba anayokunywa nayo aitaje, maana baadhi yake huingiliana na dawa.