Kabla Hujahamia Nyikani: Unafuu wa Kiwanja Unatoka Wapi?

Siku hizi dirisha letu la ardhi hapa Arusha linapokea malalamiko yanayofanana sana. Familia ya watumishi, mara nyingi mwalimu na muuguzi, au ya mfanyabiashara wa Soko la Kilombero, imechoka kupanga Njiro au Sakina. Imekopa benki kwa dhamana ya mshahara, ikanunua kiwanja upande wa Kisongo, Mateves au Mlangarini, au kule chini Terrat. Imejenga, na wengine wamehamia kabla hata ya kupiga plasta. Sasa wanakuja kuulizia hati. Tunapofungua ramani tunakuta eneo lenyewe bado ni ardhi ya kijiji, na pale ilipojengwa nyumba pamepangwa kuwa malisho.

Uamuzi wa kuhama siupingi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha, kutoka 416,442 mwaka 2012. Kaskazini kuna Mlima Meru, kwa hiyo jiji halina pa kwenda ila kusini na magharibi, kwenye nyika. Barabara ya mchepuo yenye kilomita 42.4 imeyasogeza maeneo hayo karibu, na uwanja wa mpira wa Olmoti, ulioanza kujengwa kwa ajili ya AFCON 2027, umewapa madalali maneno mapya.

Ninachoomba ni kwamba ukitajiwa bei ya kutupa, uliza kimekosekana nini. Kiwanja cha nyikani huwa nafuu kwa sababu kuna kitu hakipo: upimaji, barabara, maji, au haki ya muuzaji kuuza. Vile vitatu vya kwanza unaweza kuvisubiri au kuvigharamia. Hiki cha nne, ukishatoa fedha, hakuna cha kusubiri.

Nianze na mhuri, maana ndipo wengi wanapoangukia. Mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi. Hana leo na hakuwa nayo jana. Mhuri wake kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha, kwa wema kabisa, kwamba aliwaona mkisaini. Katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi, na ugawaji unapitia idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili. Kwa hiyo omba kuona muhtasari wa kikao, wenye tarehe, mahudhurio na jina la muuzaji. Ukiambiwa muhtasari upo nyumbani kwa mtendaji wa kijiji na yeye amesafiri, nawe ahirisha malipo mpaka arudi.

Jambo jingine ni LUKU. Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nalazimika kulisema waziwazi: kukatwa kodi ya jengo kwenye umeme hakukufanyi mmiliki wa ardhi. Kodi ile inafuata mita. Mpangaji anakatwa, na hata aliyejenga kwenye hifadhi ya barabara anakatwa. Tafadhali msituletee risiti za LUKU kama ushahidi wa umiliki.

Halafu kuna tangazo la "viwanja vimepimwa". Kijana aliyepita na kamba akachomeka mawe kila baada ya hatua ishirini hajapima kitu. Upimaji unakamilika pale ramani ya upimaji, iliyoandaliwa na mpima mwenye sifa kwa kufuata mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, inapoidhinishwa na kupewa namba ya usajili. Mwombe muuzaji namba hiyo. Bikoni, yaani jiwe la mpaka, bila namba hiyo ni zege tu. Na mnaonunua ekari kwa kipimo cha hatua 70 kwa 70, mkumbuke kwamba ekari ni mita za mraba 4,047 na miguu ya watu hailingani.

Kwa kiwanja chenye hati, taratibu ni ndefu lakini zinaeleweka. Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili kujua jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Upekuzi ufanyike kabla ya malipo ya awali. Wengi wanakuja kuufanya baada ya kulipa, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Pili, mkataba wa mauzo mbele ya wakili. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi iwepo kwa maandishi, kwani kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamlinda mume au mke dhidi ya mauzo asiyoyaridhia. Tatu, uthamini. Nne, Fomu Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Fomu Na. 30 ya maombi ya idhini, na Fomu Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Tano, kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyopata muuzaji. Kodi hii ni ya muuzaji. Mkikubaliana mnunuzi ailipe ni hiari yenu, ila iandikwe, kwa sababu bila cheti cha TRA Msajili hasajili. Sita, ushuru wa stempu wa asilimia 1, unaopaswa kulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa. Ukichelewa kuna adhabu. Pia hakikisha kodi ya pango la ardhi haidaiwi. Uhamisho usiosajiliwa haujahamisha umiliki, hata kama umeshaezeka na kuhamia.

Sasa nyika yenyewe. Upande wa magharibi na kusini-magharibi mwa Meru ni mvuli wa mvua: mawingu yanamwaga maji kwenye miteremko ya upande wa pili, na Kisongo inabaki na upepo na vumbi. Si jangwa, lakini aliyehamia kutoka Tengeru mwezi Agosti anaweza kukubishia. Ajabu ni kwamba ukavu huo ndio unaowadanganya watu kuhusu maji. Mnunuzi anapelekwa kukagua kiwanja kiangazi, anaona korongo limekauka, watoto wanacheza ndani yake, na dalali anamwambia hiyo ni njia ya ng'ombe. Mvua ikinyesha huko juu mlimani, korongo linajaa wakati kwako hakujadondoka hata tone. Aprili 2024, maji ya korongo yalisomba gari la wanafunzi huko Muriet na watoto wakapoteza maisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Rudini mkakague kiwanja wakati wa masika, na muwaulize wafugaji wanaoishi hapo, kwa kuwa wao wanajua maji yanapita wapi.

Chunguzeni na udongo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, msingi wa kawaida hautoshi. Bei uliyookoa kwenye kiwanja inaweza kuishia kwenye kifusi, nondo na zege la chini ambalo wageni wako hawataliona kamwe.

Maji ya kunywa yanahitaji uangalifu wa peke yake. Miamba ya volkano inayozunguka Meru ina floridi nyingi, na visima vingi vya eneo hili vinazidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watu wa huku yanatokana na hilo, na kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua sufuriani na floridi inabaki ileile. Kabla ya kuchimba kisima unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, chini ya Sheria Na. 11 ya 2009, na maji yapimwe maabara kabla hujajenga mnara wa simtanki. Kama mtategemea boza, ulizeni majirani wanalipa kiasi gani kwa mwezi wakati wa kiangazi, mkijumlishe na nauli na ada ya gari la shule. Wapo waliokuta jumla inakaribia kodi ya nyumba waliyoihama.

Kuhusu barabara kuu nitasema kwa kifupi: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Anayejenga humo baada ya sheria hiyo hubomolewa bila fidia. Maeneo ya viwanja vya ndege nayo yana mipaka yake. Ardhi ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), zaidi ya hekta 11,000 kati ya Arusha na Kilimanjaro, ilikuwa na mgogoro wa miaka mingi na wakazi wa vijiji vinavyoizunguka, na bado kuna watu wanaouziana huko kana kwamba hawakusikia.

Kibali cha ujenzi kinatakiwa hata nyikani, ndani ya eneo lolote lililotangazwa kuwa la mipango. "Huku ni shamba" hakumzuii mkaguzi kuweka alama ya X.

Mgogoro ukitokea, anzeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa linatoa cheti, na zikipita siku 30 bila suluhu mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linalosikiliza madai ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Aliyeuziwa kiwanja kilichokwishauzwa kwa mwingine aende pia polisi: kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika miaka saba jela.

Mliokwisha kununua na kujenga, njooni ofisini tuone kama eneo lenu linaingia kwenye urasimishaji, yaani kupangwa, kupimwa na kumilikishwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Mje na mkataba, muhtasari wa kijiji kama upo, kitambulisho cha NIDA, na ikiwezekana muuzaji mwenyewe. Dalali abaki nyumbani.