Uhaba wa bidhaa madukani wakati wa dharura ni nini?

Ni hali ambapo mzigo uliopo dukani unaisha kabla mzigo mpya haujafika. Mara nyingi chakula chenyewe kipo nchini, ila kimekwama njiani au kimebebwa chote na wateja waliowahi.

Chukua duka la Mangi lenye kilo 100 za sembe, linalopata wateja 25 kwa siku, kila mmoja kilo moja. Mzigo huo ni wa siku nne. Ikivuma habari ya mafuriko na kila mteja akataka kilo tano, mteja wa 21 anakosa siku hiyohiyo. Mwenye duka akiweka kikomo cha kilo mbili kwa mtu tangu asubuhi, zitawafikia watu 50. Asisubiri mpaka gunia la mwisho, maana hapo kikomo huzua ugomvi tu.

Maduka haya hayana stoo kubwa. Mtaji ni wa kuzungusha, mzigo hufuatwa kila baada ya siku chache. Bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa, na muuza duka wa Magomeni aliyezoea kununua Kariakoo anakwama. Anahitaji kuwa na muuzaji wa jumla mwingine upande wake wa bonde, Manzese kwa mfano, aliyemzoea kabla ya masika.

Mchicha ni habari nyingine. Bustani za bonde la Msimbazi zikizama, unaopandwa upya huchukua wiki tatu hadi nne kuvunwa.

Usichanganye hali hizo na upungufu wa uzalishaji, kama wa sukari mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa: matrekta hayaingii kwenye matope, na miwa iliyolowa sana hutoa sukari kidogo. Hapo kuhama duka hakusaidii; lazima sukari iagizwe nje. Bei elekezi humkinga mlaji na walanguzi, lakini haiongezi hata kilo moja ghalani.

Nyumbani, familia ya watu watano inayopika ugali mara moja kwa siku hutumia takriban kilo moja ya unga. Akiba ya wiki ni kilo saba: ongeza kilo moja kila unaponunua, kuanzia Januari. Weka sembe badala ya dona, kwa sababu dona hubaki na kiini chenye mafuta na huchacha mapema kwenye joto la Dar.