Ukiingiza watu kwenye mgodi uliofungwa, dhamana ni yako

Walimu na viongozi wa vijana wanaotaka kuingia mgodini huniuliza jambo moja kabla ya yote: washiriki wakisaini fomu ya kukubali hatari, kiongozi anakuwa salama kisheria? Kazi yangu ni kuongoza vikundi ndani ya machimbo yaliyofungwa ya sleti, jiwe linalopasuliwa kuwa vigae vya paa, kaskazini mwa Wales, milima ya Blaenau Ffestiniog, na jibu langu ni hapana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki ilifunga mlango huo, na kwa wateja wa kawaida sasa unafungwa na Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015. Hakuna mkataba wala tangazo la ukutani linaloweza kuondoa dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe. Fomu ninayo, na naithamini, kwa sababu inanijulisha nani ana pumu, nani anameza dawa gani, na nani apigiwe simu. Aliyeisaini amekubali kwamba jiwe linateleza. Hajakubali kwamba mimi nisikague njia.

Basi uzembe unapimwa kwa kitu gani? Kwa kile ambacho mtu wa kazi hii alipaswa kukijua na kukifanya. Ndiyo maana siwezi kuitenganisha sheria na mgodi wenyewe.

Nianze na hewa, kwa kuwa haionekani na wageni hawaiogopi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kwenye handaki lisilopitisha upepo, nguzo za mbao zinazooza na madini yenye salfa yanayoshika kutu huila oksijeni hiyo, na kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mashimo na sehemu za chini. Kipimo changu cha gesi hulia oksijeni ikishuka hadi 19.5. Kikilia tunageuza, hakuna mjadala. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hewa ya mgodini hufuata kanieneo ya nje, yaani mgandamizo wa hewa. Kanieneo ikishuka kabla ya dhoruba, hewa mbaya iliyolala vyumba vya ndani husogea nje na kujaa kwenye njia iliyokuwa safi jana. Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa nausoma nikitafuta mvua na kanieneo pia. Maji yaliyosimama nayo yana lake. Ukivuruga tope unaweza kufumua haidrojeni salfaidi, inayonuka yai viza, lakini ikizidi hulemaza uwezo wa kunusa na mtu akadhani imekwisha.

Halafu sakafu. Kwenye migodi ya zamani ya risasi na shaba, wachimbaji walifuata mshipa kwenda juu na kwenda chini, wakatandika mbao juu ya uwazi uliobaki, wakarundika kifusi juu ya mbao hizo. Leo mbao zimeoza na kifusi kimeshikana kwa mazoea tu. Unaona njia imenyooka, kumbe chini yako pana utupu. Kwenye sleti hofu yangu kubwa zaidi ni paa. Vyumba vilishikiliwa na nguzo za mwamba zilizoachwa kwa makusudi, na tamaa ya kuzipunguza nguzo hizo iligharimu machimbo mengi. Huko Rhosydd, machimbo mengine ya sleti ya eneo hili, mwaka 1900, sehemu kubwa ya machimbo iliporomoka. Jicho langu haliwezi kuthibitisha nguzo kama hizo, kwa hiyo pale ninapopeleka vikundi pamekaguliwa na mhandisi wa migodi, na ukaguzi hurudiwa.

Kuna safari maarufu ya kuingilia machimbo jirani ya Croesor na kutokea Rhosydd. Inashuka kwa kamba na kuvuka vyumba vilivyojaa maji, palipobaki mabaki ya madaraja ya zamani. Ukishavuta kamba baada ya mteremko, njia ya kurudi haipo tena. Kiongozi asiyehakikisha kwamba upande wa kutokea uko wazi, na kwamba kila mshiriki ana nguvu za kufika huko, amewafungia watu ndani kwa mikono yake. Siwezi kulisema hili kwa upole zaidi.

Sheria za hapa zilikazwa kwa machozi. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanne wa sekondari walikufa wakiendesha kayaki kwenye Ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza. Kampuni iliyowaandalia safari na mkurugenzi wake walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mkurugenzi akafungwa. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya usalama wa vijana kwenye vituo vya michezo ya nje, na kanuni zinazotumika sasa ni za 2004. Anayeuza safari za mapangoni na migodini kwa walio chini ya miaka 18, bila wazazi kuandamana nao, lazima awe na leseni. Juu ya hapo ipo Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974, ambayo kifungu chake cha 3 kinambana mwajiri, na hata aliyejiajiri, awalinde wasio wafanyakazi wake. Cheti cha British Caving Association, chama cha wachunguzi wa mapango wa Uingereza, kwa viongozi wa migodi nacho kinataja majina ya migodi unayoruhusiwa kuongoza. Ukiujua mmoja, hujaruhusiwa wa jirani.

Mwenye ardhi naye ana wajibu kwa wageni wake, chini ya sheria ya Uingereza ya 1957 kuhusu dhima ya mwenye mahali. Sheria hiyo inamtaka atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Lakini inamruhusu pia kutarajia kwamba mtu wa fani atajihadhari na hatari za fani yake. Mtu huyo wa fani ni wewe kiongozi.

Migodi ya makaa ya mawe siingizi kikundi kabisa, kwa sababu ya methani, gesi inayoweza kulipuka.

Kabla ya kuingia, namwachia mtu aliye juu jina la mgodi, njia, idadi ya watu na saa ya mwisho. Simu haishiki ndani. Saa ikipita, anapiga 999, anaomba polisi na kutaja uokoaji wa mapangoni. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea, na ndani baridi ni nyuzi 10 au chini, hivyo mtoto aliyelowa na kuvaa nguo za pamba hana muda mrefu.

Wasomaji wa Kenya wameniuliza kuhusu kupeleka wanafunzi wa jiolojia kwenye mashimo ya Rosterman, Kakamega, mgodi wa dhahabu wa enzi ya ukoloni. Sheria ya Kenya ya dhima ya mwenye mahali, Sura ya 34, imefuata ile ya Uingereza ya 1957, kwa hiyo yale ya watoto na mtu wa fani yanawahusu pia. Na mashimo yale hayajaachwa: wachimbaji wadogo wanaendelea kuyachimba, na ramani ya zamani haionyeshi walichokata mwaka huu. Ushauri wangu ni mfanye somo juu ya ardhi, kwenye miamba na vifusi vya nje, mpaka mhandisi awape ripoti iliyoandikwa na mwenye eneo awape ruhusa ya maandishi.