Faida ya kupika nyumbani imo kwenye kijiko

Nikiulizwa chakula cha nyumbani kinazidi nini baga na chipsi za kununua, huanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hata ile iliyomo kwenye mkate. Mlo mmoja wa baga na chipsi unaweza kumaliza nusu ya kiwango hicho. Kwenye sufuria yako unapima mwenyewe: nusu kijiko cha chai kwa mboga ya watu wanne ni kama gramu 0.6 kwa kila mlaji. Itie chakula kikikaribia kuiva. Ukiitia mapema, maji hupungua, chumvi inabaki, na mchuzi unakolea kupita ulivyokusudia.

Mafuta nayo yasimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120, na mkono usiopima humwaga vitatu au vinne bila kujua. Viwili vinatosha kukaangia kitunguu cha sufuria hiyo ya watu wanne. Kikianza kushika chini, usiongeze mafuta: nyunyiza maji kidogo, kwangua kwa mwiko, endelea kukoroga. Ile rangi ya kahawia iliyoganda chini ndiyo ladha yenyewe. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, mazito, yenye povu, au yanayofuka moshi kabla hayajapata moto vizuri, tupa.

Mwaka 2019 mtafiti wa lishe Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 20, waliokula vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani kwa wiki mbili na visivyosindikwa kwa wiki mbili, kila mtu kwa kadiri atakavyo. Kwenye vilivyosindikwa walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula upesi zaidi. Kwangu mimi hilo la upesi ni zito: chakula laini humezwa kabla tumbo halijatoa taarifa ya kushiba.

Mboga za majani zioshe kabla ya kukata, kwa sababu vitamini C huyeyuka majini. Maji kidogo, funika, dakika 3 hadi 5.

Kiporo kigawe kwenye vyombo vipana, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Wali hasa: vijidudu vyake hustahimili kuchemshwa, na sumu vinayotoa wali ukilala mezani haiondoki kwa kupasha moto.