Je, wajua kwa nini nyumba ya tajiri wa sukari kule Bristol inaeleweka vizuri ukianzia chini?

Kule Bristol, magharibi mwa Uingereza, mtaa wa Great George Street namba 7, kuna nyumba ya mawe ya ghorofa kadhaa ambayo siku hizi ni makumbusho, inaitwa Georgian House Museum. Msije mkadhani ni mambo ya nchi ya Georgia, hapana, ni enzi za wafalme wanne wa Uingereza waliopokezana kiti wote wakiitwa George, kuanzia 1714 mpaka 1830. Nyumba yenyewe ilijengwa kati ya 1788 na 1791 kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja, John Pinney, na vyumba vyake vimepangwa vile vile kama walivyokuwa wakiishi watu wa hadhi yake.

Wageni wengi wakishaingia wanakimbilia juu, kwenye sebule na chumba cha kulia maana ndiko kwenye vitu vya kupigia picha. Mi nasema anza chini kabisa, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, manake hii nyumba ilipangwa kwa makusudi ili mwenye nyumba na wageni wake wasione kazi ikifanyika, sasa ukianzia juu unaiona kama walivyotaka wao uione.

Kule chini kuna jiko, chumba cha kufulia, chumba cha msimamizi wa nyumba, halafu kuna kitu kinachoshangaza kila mtu: bwawa dogo la mawe la maji ya baridi. Sasa tajiri wa karne ya 18 anaweka bwawa la maji baridi ndani ya nyumba, tena nchi yenyewe ya baridi, ili iweje? Ni dawa. Madaktari wa wakati ule, mmojawapo John Floyer ambaye alianza kuandika habari hizi mwishoni mwa miaka ya 1600, walikuwa wanafundisha kwamba ukijitosa kwenye maji baridi mwili unakaza na maradhi mengi yanapungua nguvu, na hiyo imani ikashika sana kwa wenye pesa, wengine wakawa wanasafiri kwenda kwenye chemchemi na mabwawa ya kulipia na wachache wenye uwezo zaidi wakajijengea ya kwao nyumbani. Kwa hiyo lile bwawa halikuwa la kuondoa uchafu. Usafi wa kila siku ulikuwa jagi na beseni chumbani, na hapo ndipo unatakiwa ujiulize maji yalifikaje chumbani wakati hakuna bomba ghorofani. Yalibebwa. Kila jagi la maji ya moto limepanda ngazi mikononi mwa mtu, na asubuhi kila poti ya haja imeshuka ngazi hizo hizo mikononi mwa mtu, makaa ya mawe ya kila chumba hivyo hivyo.

Nyumba nyingi za aina hii zilikuwa na mpangilio mmoja: watumishi wanafanya kazi chini, wanalala juu kabisa karibu na paa, na familia inakaa katikati kwenye vyumba vyenye dari iliyo juu na madirisha makubwa. Dirisha nalo lilikuwa pesa, kulikuwa na kodi ya madirisha tangu 1696 mpaka 1851, ndo maana ukitembea miji ya zamani ya Uingereza utakuta madirisha mengine yamezibwa kwa matofali, ingawa mengine yalijengwa yamezibwa tangu mwanzo ili tu ukuta wa mbele ulingane pande zote.

Haya, sasa panda juu. Samani za mahogani, na mahogani ni mti wa Karibiani na Amerika ya Kati, Waingereza walianza kuuleta kwa wingi baada ya sheria ya 1721 kufuta ushuru wa mbao za kutoka makoloni. Chai, ambayo nyumba za enzi hizo ziliiweka kwenye kisanduku chenye kufuli kwa jinsi ilivyokuwa ghali. Na sukari, ambayo haikuwa ya chenga kama yetu, ilikuwa bonge gumu lenye umbo la pia, inakatwa kwa koleo. Bristol peke yake ilifika wakati ikawa na viwanda kama 20 vya kusafisha sukari. Na huyu Pinney pesa yake ilitoka huko huko, kwenye shamba la miwa liitwalo Mountravers katika kisiwa cha Nevis, kisiwa kidogo tu cha Karibiani, kilomita za mraba kama 93. Muwa ukishakatwa haungoji, juisi inaharibika haraka, kwa hiyo msimu wa mavuno kazi ya kukamua na kuchemsha ilikuwa inaendelea mpaka usiku, pembeni ya masufuria makubwa yanayotokota, na waliokuwa wanaifanya ni Waafrika waliofanywa watumwa pamoja na watoto wao waliozaliwa utumwani. Meli za kutoka Bristol zilifanya safari zaidi ya 2,000 za biashara ya watumwa kati ya 1698 na 1807.

Kuna barua ya Pinney ya siku zake za mwanzo Nevis, anakiri kwamba alishtuka alipoona kwa mara ya kwanza binadamu wamewekwa sokoni wauzwe, halafu papo hapo anajituliza kwamba bila shaka Mungu amewapanga wawe wa kuwafaa yeye na wenzake, la sivyo angetoa ishara. Hiyo barua inaniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye habari hii, kwa sababu jamaa alijua. Aliona, roho ikamsuta, akainyamazisha.

Mwaka 1765 alimnunua mtoto wa miaka 12, Pero, pamoja na ndugu zake wawili wa kike. Pero akafunzwa kunyoa na kutengeneza nywele, akawa mtumishi wa karibu wa Pinney, na 1783 familia iliporudi Uingereza ikaja naye Bristol. Alikuja pia Fanny Coker, mtumishi wa mke wa Pinney, yeye alikuwa ameshapewa uhuru 1778, akajiunga na kanisa la Baptisti la Broadmead na akafariki 1820. Pero alikufa 1798 bila kupewa uhuru. Mtu atauliza, mbona alikuwa Uingereza tayari? Ni kwamba hukumu ya kesi ya James Somerset, mtumwa aliyeletwa Uingereza, ya 1772 ilizuia bwana kumtoa mtumwa nchini kwa nguvu, lakini haikusema wazi kwamba utumwa umekwisha, ukaachwa hewani hivyo hivyo na watu kama Pero wakabaki hapo katikati.

Na sisi wa pwani tusiione kama habari ya mbali. Miaka ile ile, 1776, Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion.

Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ya Uingereza ilitoa fidia ya pauni milioni 20, wakalipwa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Charles Pinney, mtoto wa John, ni mmoja wa waliolipwa. Deni linalohusiana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa 2015.

Ukifika, ndani ya nyumba kuna maonyesho kuhusu shamba la Nevis na maisha ya Pero, yasome taratibu. Ukitoka teremka mpaka bandarini, ni mwendo mfupi wa miguu, kuna daraja la waenda kwa miguu lenye pembe mbili kubwa, ambazo ni uzito wa kusawazisha sehemu inayoinuka meli ipite. Linaitwa Pero's Bridge, lilifunguliwa 1999, na ni pale pale karibu waandamanaji walipoitupa majini sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa Edward Colston tarehe 7 Juni 2020. Kiingilio cha nyumba ni bure ila angalia siku zake kabla hujaenda, haifunguliwi kila siku, na ngazi ni nyingi kwa hiyo kama unaenda na mzee muulize kwanza magoti yake yanasemaje.